KONA YA NDOA: Mganga hajigangi

Juzi pale bombani mama mmoja aliniuliza: "Dada, wewe unayetufundisha ndoa, kwako hakuna ugomvi?"

Nikawakumbuka wanawake wawili wa Marekani. Ellen Fein alikuwa mhasibu, Sherrie Schneider mwandishi wa magazeti. Mwaka 1995 walitoa pamoja kitabu cha kuwafundisha wanawake kupata mume bila kumkimbilia. Kiliuzwa sana. Mwaka 2001 wakatoa kingine, cha kutunza ndoa. Kumbe wakati kinatoka, ndoa ya Ellen ilikuwa inavunjika! Watu wakacheka.

Mimi sicheki. Shauri jema tulipokee, ila mshauri naye ni mtu.

Ugomvi kwangu? Upo, mama. Wiki hii tuligombania unga wa mgao. Tulipatana kabla ya kulala.