Udongo Nao Ulindwe

Askari huapa kuilinda nchi, na mara nyingi fikira zake huelekea mipakani. Lakini nchi ni udongo pia, na udongo si vumbi lililokufa. Kijiko kimoja cha udongo wenye rutuba huweza kuwa na bakteria wanaozidi bilioni moja, pamoja na kuvu ambao nyuzi zao hushikamanisha chembe za udongo, maji ya mvua yakapenya badala ya kutiririka. Viumbe hao huozesha majani na samadi, wakairudishia mimea chakula chake.

Tuitazame wilaya ya Nakasongola, hapa Uganda. Mifugo ilizidi malisho na miti ikakatwa kwa ajili ya makaa, hata pakatokea nyanda tupu zisizo na unyasi. Mchwa nao, kwa kukosa majani makavu, walishambulia mabichi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walipopanda nyasi huko, miche iliangamizwa. Lakini pale ng'ombe walipolazwa usiku kwa majuma mawili kabla ya kupanda, mchwa waligeukia samadi, wakaichanganya na udongo, na malisho yakastawi.

Wapo watakaosema kwamba samadi ni kazi ya Bwana Shamba, na ya askari ni bunduki. Hatukubaliani nao. Ardhi ikifa, wafugaji huhama na kugombania malisho na maji. Na anayeamshwa usiku kwenda kutuliza ugomvi huo ni polisi au mwanajeshi.

Isitoshe, kambi zetu zina ardhi. Tukichoma nyasi kila kiangazi, na kufagia kila jani na kulitia moto, twawanyima viumbe hao posho yao.

Kwa hiyo twapendekeza kila kambi na kila kituo cha polisi kiwe na shimo la mboji. Mashamba yetu yapandwe kunde na maharage kwa zamu na mahindi, kwa maana katika mizizi ya mimea hiyo huishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Na zaidi ya yote, mwenye sare asikubali kamwe kusindikiza lori la makaa ya magendo. Hiyo ni sehemu ya kiapo chetu.