Umeme wa bei nafuu uandikwe kwenye bajeti

Na Zuhura Mwakyoma

Mwaka 2016 shirika la umeme la Tanzania, TANESCO, liliomba kupandisha bei ya umeme kwa asilimia 18.19. EWURA, mdhibiti aliyewekwa na sheria kwa kazi hiyo, ilipiga hesabu na kukubali asilimia 8.53 tu, kuanzia Januari 1, 2017. Bei hiyo haikutumika hata siku moja. Mkesha wa mwaka mpya aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, aliizuia, na kesho yake Rais John Magufuli akatengua uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, Felchesmi Mramba.

Wengi walishangilia, nami sina ugomvi nao. Mwenye saluni au mashine ya kusaga anajua uchungu wa kila uniti ya LUKU. Lakini Mramba alikuwa amefanya nini? Shirika lake lilipeleka maombi panapotakiwa, likakubaliwa chini ya nusu ya lilichoomba. Baadaye, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, alirudi kuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Nishati, kwa hiyo uwezo wake haukuwa tatizo. Ila wakuu wa mashirika mengine ya umma walikuwa wameshapata ujumbe: ukisema gharama halisi unaweza kuondolewa, ukikaa kimya hasara ikakua, unabaki.

Machi 2017 Rais Magufuli, akiwa Mtwara, aliiagiza TANESCO iwakatie umeme wadaiwa sugu, zikiwemo taasisi za Serikali. Agizo lenyewe lilikuwa sahihi kabisa. Kinachoniumiza ni kwamba shirika lenye mikataba na ankara zake lilihitaji kauli ya Rais jukwaani ndipo lipate ujasiri wa kudai fedha zake.

Kisha ikaja ada ya kuunganishiwa umeme. Vijijini ilikuwa Sh27,000, na hapo palikuwa na mpango unaoeleweka: Wakala wa Nishati Vijijini, REA, una mfuko wake, na sehemu ya fedha hizo ni tozo tunayolipa tukinunua umeme na mafuta. Mwananchi wa kijijini anachangia kidogo, mfuko unabeba kilichobaki, na Bunge linaweza kuhoji kila shilingi. Aliyekuwa Waziri wa Nishati, Medard Kalemani, alipoitangaza Sh27,000 hata kwa wateja wa mijini, hapakuwa na mfuko kama huo nyuma ya tangazo. Nguzo, nyaya na mita ziliendelea kununuliwa kwa bei ya sokoni, na tofauti ikabaki kwa TANESCO. Januari 2022, chini ya Waziri January Makamba, ada ya mijini ikarudishwa Sh320,960. Aliyewahi kuunganishiwa alipata nafuu. Aliyekuwa bado kwenye foleni ndiye aliyeumia, na mara nyingi huyo ni mpangaji au kijana anayejenga chumba chake cha kwanza pembezoni mwa mji.

Serikali ndiyo mmiliki wa TANESCO, na ina haki ya kutaka maskini wawashe taa. Nisingependa kuishi katika nchi ambayo umeme wake unauzwa kwa kuangalia faida peke yake. Lakini mmiliki anayetaka huduma iuzwe chini ya gharama aandike agizo, aeleze litagharimu kiasi gani, na atenge fedha hizo. Nalo suala la uteuzi lisiachwe. Baada ya Mramba wamekuja Tito Mwinuka, Maharage Chande, Gissima Nyamo-Hanga na Lazaro Twange, wote kwa uteuzi wa Rais. Bodi ipewe mamlaka ya kuajiri mkurugenzi kwa ushindani, kwa mkataba wenye malengo, na ya kumwondoa kwa sababu zilizoandikwa.

Bajeti ijayo ya Wizara ya Nishati itakaposomwa Dodoma, mbunge anayewaahidi wapiga kura wake umeme wa bei ya chini aulize kifungu cha kuifidia TANESCO kiko ukurasa gani. Kama hakipo, asikubali kuipitisha mpaka Waziri aeleze nani atalipa.