Kizuri Chajiuza? Kiswahili na Nafasi ya Kurasa Zake katika Injini za Utafutaji

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imekuwa kinga ya wasomi wengi wa Kiswahili kila wanapoulizwa kwa nini kazi zao hazionekani katika intaneti. Imani yao ni kwamba kazi ikiwa nzuri wasomaji wataifuata wenyewe, na kwamba juhudi za kuipandisha katika orodha ya matokeo ni shughuli ya wachuuzi. Katika maktaba imani hiyo ilikuwa na msingi, kwani baina ya msomaji na kitabu palikuwa na mkutubi aliyekijua kitabu, akakipanga mahali pake na kumwelekeza msomaji rafu inayofaa. Hivi leo nafasi ya mkutubi huyo, kwa sehemu kubwa, imechukuliwa na injini ya utafutaji. Msomaji anayeandika maneno mawili matatu katika simu yake hupewa orodha ndefu, naye kwa kawaida husoma matokeo machache ya mwanzo tu. Kilicho chini ya hapo, kiwe kizuri namna gani, ni sawa na kitabu kilichofungiwa stoo.

Makala hii inajadili njia za kuziboreshea kurasa za Kiswahili nafasi katika orodha hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba kazi hii ni ya kiisimu kabla ya kuwa ya kiufundi. Kwa hiyo idara za Kiswahili zinafanya kosa zinapoiachia mikononi mwa mafundi wa kompyuta na wafanyabiashara peke yao.

2.0 Jinsi Kurasa Zinavyopangwa

Injini ya utafutaji hufanya kazi tatu. Kwanza, programu zake hupitia kurasa kwa kufuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Pili, maneno yaliyomo katika kurasa hizo huwekwa katika faharasa kubwa. Tatu, msomaji anapouliza, kurasa zinazohusika huteuliwa na kupangwa kwa daraja. Injini za mwanzo, kama AltaVista iliyoanza mwaka 1995, zilitegemea zaidi maneno yaliyomo katika ukurasa wenyewe. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walieleza mbinu iliyokuja kuwa msingi wa Google: ukurasa hupewa uzito kwa kuangalia ni kurasa zipi nyingine zinazouelekea kwa viungo, na kurasa hizo nazo zina uzito gani.

Wanataaluma hawana sababu ya kuishangaa mbinu hiyo, kwani imetokana na desturi yao wenyewe. Makala inayotajwa na watafiti wengi wanaoheshimika huhesabiwa kuwa ina thamani kuliko ile isiyotajwa na yeyote. Kiungo katika intaneti ni mfano wa kutajwa huko.

Kila kipimo, hata hivyo, huzaa wadanganyifu wake. Kipimo kilipokuwa idadi ya maneno, waliibuka waliorundika neno lilelile mara hamsini katika ukurasa mmoja. Kipimo kilipokuwa viungo, waliibuka waliouza viungo. Google ilijibu kwa mabadiliko ya mwaka 2011 yaliyojulikana kama Panda, yaliyozishusha kurasa zenye maudhui hafifu, na yale ya mwaka 2012 yaliyoitwa Penguin, yaliyolenga viungo vya hila. Mwaka 2009 kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba haizingatii orodha ya maneno msingi inayofichwa katika msimbo wa ukurasa. Mwezi Machi 2024 iliweka kanuni dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi kwa shabaha ya kupanda daraja tu. Funzo linalopatikana katika historia hii ni moja: hila hudumu kwa msimu, na maandishi yanayomsaidia msomaji ndiyo yanayobaki.

3.0 Tatizo la Umbo la Neno

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu jambo hili umetungwa kwa kuzingatia Kiingereza, lugha ambayo neno lake hubadilika kidogo tu. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Mtumiaji wa kamusi akikutana na neno hawakupigiana anajua kuwa analazimika kuvua viambishi hadi afike kwenye mzizi pig-. Maarifa hayo anayo kichwani, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilimtegemea awe nayo. Mashine isiyofundishwa mofolojia haina maarifa hayo, nayo huyaona maneno mkulima, wakulima, kilimo, kulima na walilima kama maneno matano yasiyohusiana.

Wanaisimu hawakuwa wamelala. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kuunda programu ya kuchanganua mofolojia ya Kiswahili, na mwaka 1992 alichapisha maelezo yake. Hivyo basi, njia ya kuifundisha kompyuta kutambua mzizi wa neno la Kiswahili ilionyeshwa kabla ya Google kuzaliwa. Kilichokosekana ni mazoea ya kuyachukua maarifa hayo na kuyatumia katika uandishi wa kila siku wa kurasa.

Mwandishi wa ukurasa anayezingatia mofolojia hahitaji kurundika maneno. Akiandika kuhusu mahindi, kichwa chake kinaweza kuwa na kilimo cha mahindi, aya ya kwanza ikaeleza jinsi ya kulima, na vichwa vidogo vikataja kupanda, kupalilia na kuvuna. Aina mbalimbali za neno zitatokea kwa mtiririko wa kawaida, kwa kuwa lugha yenyewe ndivyo ilivyo. Anayekosea ni yule anayeng'ang'ania umbo moja katika kila sentensi kwa kuambiwa kuwa ndilo neno msingi. Mtu huyo huiharibu lugha, na mashine za leo haimfaidii.

Lipo pia suala la maneno yaliyohamia lugha nyingine. Neno safari ni la Kiswahili, lakini ulimwenguni linatumika kwa utalii wa wanyamapori, na tangu mwaka 2003 ni jina la programu ya kampuni ya Apple ya kusomea kurasa za intaneti. Neno hilo likisimama peke yake halitambulishi lugha ya ukurasa, maana lugha hutambulishwa na maneno jirani. Google yenyewe hueleza kwamba huitambua lugha ya ukurasa kwa maandishi yanayoonekana. Ukurasa ambao habari yake ni ya Kiswahili, huku kichwa, menyu na maelezo ya picha vikiwa kwa Kiingereza, unatoa ushahidi unaopingana juu ya utambulisho wake. Hali hii imeenea hata katika tovuti za taasisi zinazojitangaza kuwa walinzi wa Kiswahili.

4.0 Istilahi Sanifu na Neno la Mwananchi

Mgogoro mzito zaidi ni ule wa istilahi. Kifaa kimoja kimeitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kingine kimeitwa simu ya mkononi, simu ya kiganjani na rununu. Mjadala wa wanaistilahi kwa miaka mingi umekuwa kuhusu lipi lililo bora. Injini ya utafutaji imeleta swali jingine: ni lipi ambalo mtu mwenye haja huliandika?

Uzito wa swali hili huonekana wazi katika afya. Utafiti uliofanyika wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulichunguza tiba ya degedege, jina ambalo wananchi huliita tatizo la mtoto kupata homa na mtukutiko. Kitabibu, hali hiyo mara nyingi inaweza kuwa malaria kali. Kwa wazazi wengi, hata hivyo, degedege lilihesabiwa kuwa ugonjwa mwingine kabisa, na waganga wa jadi walikuwa na nafasi kubwa katika tiba yake. Sasa na achukuliwe mzazi wa leo ambaye mtoto wake anatukutika usiku. Ataandika degedege. Ikiwa wataalamu wameandika ukurasa mzuri wenye kichwa kisemacho udhibiti wa malaria kali kwa watoto wa chini ya miaka 5, na neno degedege halimo hata mara moja, ukurasa huo una nafasi ndogo ya kumfikia. Atakayemfikia ni muuza dawa aliyelitumia neno la mzazi. Hapa kibaya kimejitembeza, na kizuri kimebaki ndani kikisubiri kuulizwa kwa jina asilolijua muulizaji.

Haipendekezwi kwamba istilahi sanifu itupwe. Kinachopendekezwa ni kwamba neno la mwananchi liwe mlango na istilahi iwe chumba. Kichwa kinaweza kusema: degedege kwa mtoto ni dalili ya hatari, mpeleke hospitali mara moja. Ndani ya matini, malaria kali itajwe, ielezwe, na uhusiano wake na degedege ufafanuliwe. Kwa njia hiyo msomaji anapatikana na pia anafundishwa. Usanifishaji ulikusudiwa kuwawezesha watu wa mahali mbalimbali kuelewana. Istilahi inayomficha daktari asionekane na mgonjwa imeshindwa katika kusudi lake.

5.0 Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati. Mwaka 2019 Google ilianza kutumia mfumo uitwao BERT, unaozingatia muktadha wa maneno badala ya neno mojamoja, na tangu mwaka 2024 imekuwa ikionyesha muhtasari ulioandikwa na mashine juu ya orodha ya matokeo. Mashine ikielewa maana, pingamizi hili linadai, hakuna haja ya kuhangaikia umbo la neno wala kichwa cha ukurasa.

Pingamizi hili lina ukweli, lakini linasahau kuwa mashine hujifunza maana kutokana na matini iliyopo. Kiingereza kina matini nyingi mno. Kiswahili, licha ya wingi wa wazungumzaji wake, kina matini chache katika intaneti. Kama ukurasa unaounganisha degedege na malaria kali haupo, au upo mahali pasipofikika, mashine itaupata wapi uhusiano huo? Aidha, muhtasari wa mashine hutungwa kwa kutegemea kurasa zilizoonekana. Kwa hiyo mabadiliko haya yameongeza uzito wa swali la ni kurasa gani za Kiswahili zinazoonekana.

Wengine watasema kuwa si kazi ya mwanaisimu kushindania wateja. Jibu ni kwamba uamuzi huo haumwachi mahali patupu. Asipoandika yeye, wataandika wanaotafsiri kwa mashine bila kupitia, na lugha yao ndiyo itakayosomwa na wanafunzi, na baadaye na mashine zenyewe.

6.0 Hitimisho

Mambo manne yanaweza kuanza kutekelezwa bila fedha nyingi. Kwanza, majarida ya Kiswahili yachapishwe yakiwa matini kamili, kila makala katika ukurasa wake, yenye kichwa na ikisiri kwa Kiswahili; makala iliyopigwa picha ya karatasi huilazimisha mashine kukisia herufi. Pili, kila ukurasa ujibu haja moja inayoeleweka, na kichwa chake kitumie maneno ya muulizaji. Tatu, taasisi za Kiswahili za Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko ziwekeane viungo pale kazi zinapohusiana kweli, kama watafiti wanavyotajana. Tovuti isiyomtaja mwenzake isitarajie kutajwa. Nne, maneno ambayo watu huyatumia kuuliza yakusanywe na kuchunguzwa na wanaistilahi kama data halali ya lugha hai.

Methali iliyotajwa mwanzoni haijawa ya uongo. Ilitungwa katika mazingira ambapo mnunuzi alikipita kizuri njiani, akakiona kwa macho yake. Katika soko ambalo mnunuzi hupelekwa na mwongozaji asiyejua Kiswahili vizuri, kizuri hakiwezi kujiuza hadi kifikiwe. Jukumu la kumfundisha mwongozaji huyo njia ni la wanaoijua lugha, na mzazi mwenye mtoto mgonjwa hana muda wa kuwasubiri.