Nani Ala Mwanzo Bandani?

Kuku wetu hawali kwa usawa. Pumba zikimwagwa uani, mtetea mmoja huwadonoa wote. Wa pili humwogopa huyo tu. Na hivyo hivyo hadi wa mwisho, asiyemdonoa yeyote. Mpangilio huu ulielezwa mwaka 1922 na Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway, aliyewachunguza kuku tangu utotoni.

Lakini cheo hicho hakidumu. Mtetea mnyonge akitoka na vifaranga baada ya siku 21 za kuatamia, huwa mkali, na waliokuwa wakimfukuza humpisha. Vifaranga wakishajitegemea, huenda akarudi chini. Anayeugua huporomoka. Na mgeni akiingizwa, ugomvi huanza upya. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwahamisha wengi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Kuku anayehamia banda la jamaa kwa namna hiyo aghalabu huanzia chini, naye hulala na njaa chakula kikiwa tele.

Kwa akina mama wengi wa delta, kuku ni akiba ya daftari la mtoto na dawa. Basi tumwage chakula sehemu mbili au tatu. Tumwingize mgeni usiku, wenyeji wakiwa wamelala, tena asiwe peke yake. Na mtetea wa juu akishuka ghafla, tumkague: huenda ni maradhi, wala si ugomvi.

Mifugo ni amana. Hata huyo wa mwisho tutaulizwa habari zake.