Mshuku Mbuzi Mgeni, Si Sindano

Desemba 2024 Rais William Ruto alitangaza kwamba ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50 wangechanjwa kote Kenya. Tangu hapo sindano ya mifugo inabishaniwa hata pale ambapo haijafika. Kwa ng'ombe ilikusudiwa kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo. Kwa mbuzi na kondoo ilikusudiwa kuzuia sotoka yao, ambayo madaktari wa mifugo huiita PPR. Sotoka hii ni ya virusi, vya ukoo mmoja na vile vya surua ya watoto. Mbuzi hupandwa na homa, macho na pua humchuruzika, mdomo huota vidonda, kisha hufuata kuhara na kukohoa. Katika kila mbuzi 100 walioambukizwa, sotoka huweza kuua kati ya 30 na 70.

Kwa mfugaji wa Chale, Gazi au Kinondo, huku Kwale, mbuzi kumi ni karo, ni mahari, na ni akiba ya siku mtu wa nyumbani atakapolazwa hospitali ya Msambweni. Ana kila haki ya kuuliza kabla mtu hajaidunga mali yake. Tatizo ni kwamba maneno yanayozunguka humfanya aogope kisichomdhuru na kukipokea kwa mikono miwili kinachomdhuru. Tuyapime moja moja.

1. "Chanjo ni njama ya kuwazuia mbuzi kutoa gesi."

Ni kweli kwamba wapo watafiti ng'ambo wanaotafuta chanjo ya kupunguza gesi ya methani inayotoka kwa wanyama wanaocheua, na baadhi ya kazi hiyo inalipiwa na matajiri ambao majina yao hayakauki kwenye simu zetu. Lakini hayo bado ni majaribio. Chanjo ya PPR ni kitu kingine kabisa. Asili yake ni virusi vilivyochukuliwa Nigeria mwaka 1975, vikadhoofishwa maabara hadi visiweze kumtia mbuzi ugonjwa, na imetumika kwa miongo kadhaa Afrika na Asia. Hapa Kenya hutengenezwa na KEVEVAPI, taasisi ya serikali yenye kiwanda Embakasi.

Gesi hutengenezwa na vijidudu vilivyomo katika tumbo la kucheulia. Chanjo huingia chini ya ngozi na kuufundisha mwili kuvitambua virusi vya sotoka, basi. Mbuzi aliyechanjwa atacheua kama jana. Nyama yake nayo haina neno, kwa sababu PPR haimshiki binadamu. Kama kuna lawama, ni kwamba serikali ilitanguliza hesabu za mamilioni, maelezo yakaja yakichechemea nyuma. Penye kimya cha mwenye habari, uvumi hujipatia kiti.

2. "Huo ni ugonjwa wa Turkana. Huku kwetu kuna upepo wa bahari."

Ni kweli kwamba Kenya iliuthibitisha kwanza Turkana, mwaka 2006. Ila haukubaki huko. Mwaka 2008 ulithibitishwa kaskazini mwa Tanzania, na kabla mwaka 2010 haujaisha ulikuwa umezuka Tandahimba, mkoani Mtwara, karibu na mpaka wa Msumbiji. Uchunguzi uliufuatilia hadi kwa mbuzi walionunuliwa katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Haukupeperushwa na upepo. Ulipanda gari, ukalipiwa nauli, ukashushwa kijijini na mtu aliyedhani amepata bei nzuri.

Virusi hivi havistahimili jua wala joto, na havikai muda mrefu nje ya mwili wa mnyama. Huenea mbuzi wakikoholeana, wakinusana, wakila na kunywa pamoja. Kwa hiyo upepo wa Chale haukulindi, wala hauna haja ya kukutisha. La kutazamwa ni barabara. Mbuzi wanaochinjwa Ukunda na Diani hawazaliwi wote ufuoni. Wengine hutoka bara ya Kinango, na Lunga Lunga ndio mpaka wenyewe wa Tanzania. Idd kubwa ikikaribia, wanyama wa makundi mbalimbali hukutana sokoni, kisha wasiouzwa hurudi makwao na walichookota.

3. "Nikimwona anaumwa nitamtenga."

Kutenga ni jambo jema, ila hapo umechelewa. Mbuzi aliyeambukizwa hukaa siku kadhaa bila dalili, na anaweza kuanza kuwaambukiza wenzake kabla dalili hazijakolea. Utakapoona tongo machoni, wenzake wamekwisha kula naye kwenye hori moja. Wa kutengwa kwanza ni yule anayeonekana mzima, yaani mgeni. Mbuzi wa kununuliwa, wa mahari, wa kuazimwa kwa ajili ya mbegu, hata wako mwenyewe aliyerudi sokoni bila kuuzwa, wote wapewe wiki tatu kando. Wawe na kamba yao, ndoo yao na malisho yao. Wahudumiwe baada ya kundi, si kabla.

4. "Mwarobaini na sindano ya tetrasaiklini hutibu."

Hakuna dawa inayoviua virusi vya PPR ndani ya mbuzi. Antibiotiki hupambana na bakteria wanaovamia mapafu yaliyokwisha dhoofishwa, na kwa njia hiyo inaweza kumwokoa mbuzi mmoja mmoja. Maji ya kunywa, kivuli na majani laini husaidia pia. Lakini mbuzi anayetibiwa anaendelea kuwaambukiza wenzake. Isitoshe, akidungwa leo na kuchinjwa kesho, mlaji anakula dawa. Mwarobaini una kazi zake nyingi hapa Pwani. Kulizuia kundi lisiambukizwe sotoka si mojawapo.

5. "Nimeona kwa macho yangu: walichanjwa, wakafa."

Hoja hii haifai kudharauliwa, maana anayeisema mara nyingi hadanganyi. Mbuzi huweza kufa baada ya chanjo kwa sababu tatu. Kwanza, alikuwa na virusi tayari siku aliyodungwa. Kinga huhitaji kama wiki mbili kujengeka, na ugonjwa haumsubiri. Pili, aliuawa na kitu kingine. Homa ya mapafu ya mbuzi na minyoo mikali hufanana na PPR kwa mfugaji, na wakati mwingine hata kwa daktari asiyepeleka sampuli maabara. Tatu, chanjo yenyewe iliharibika. Hii ni chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na huletwa ikiwa unga mkavu unaotakiwa kukaa kwenye baridi. Ikishachanganywa na maji yake, saa zake ni chache. Kwa joto letu, chupa iliyozurura kwenye pikipiki tangu asubuhi inaweza kuwa maji matupu.

Kwa hiyo mkali uwe, lakini ukali wako uelekee mahali pake. Mwambie mchanjaji afungue sanduku uone barafu. Uliza chupa imechanganywa saa ngapi. Kundi likiwa na wagonjwa, sema kabla sindano haijatolewa. Mchanjaji anayeijua kazi yake hatakasirika.

6. "Nimechanja wangu, wa jirani ni shauri yake."

Dozi moja humkinga mbuzi kwa miaka mitatu au zaidi. Lakini kundi la mbuzi halikai miaka mitatu bila kubadilika: wengine huuzwa, wengine huchinjwa, na vitoto huzaliwa. Kitoto cha mama aliyechanjwa hupata kinga kupitia dang'a, nayo huisha kikifika miezi mitatu au minne. Baada ya hapo kiko wazi. Mwaka mmoja au miwili bila chanjo unatosha kulijaza zizi mbuzi wasio na kinga, huku mwenyewe akijihesabu amemaliza.

Na jirani ni shauri yako, kwa sababu mbuzi wenu hunywa kisima kimoja. Sotoka ya ng'ombe, binamu wa hii, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani, kwa sababu ng'ombe wengi mno walichanjwa hata virusi vikakosa pa kuhamia. Chanjo iliyofanya kazi hiyo ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, na Walter Plowright na wenzake. Mara ya mwisho ugonjwa huo kuonekana ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru. Kenya ilitoa chanjo, na Kenya ikaona mwisho. Sasa FAO na shirika la afya ya wanyama duniani, WOAH, wameweka lengo la kuimaliza PPR ifikapo 2030, kwa njia ileile.

Sindano itaendelea kuulizwa maswali, na iulizwe. Lakini mbuzi mgeni anapoingia boma hatuulizi ametoka soko gani, alilala na kundi gani, wala amechanjwa lini. Tunauliza bei tu. Mfugaji atakayeanza kumuuliza muuzaji maswali hayo matatu, na kumfunga mbuzi kando hata akijibiwa vizuri, atakuwa amefanya nusu ya kazi ya chanjo kabla daktari hajatoka Kwale.