Je, Mwenye Ugonjwa wa Sukari Aweza Kupanda Mlima?

Watu wengi husema kwamba mtoto anayeishi kwa sindano za insulini asiende shamba, asicheze mpira, bali akae nyumbani tu. Sisi twaona neno hili si la haki. Lakini kumwacha aende bila matayarisho si haki vilevile. Sikiliza sababu zetu.

Mwaka 2006 mtu wa Austria, jina lake Geri Winkler, alifika juu ya Everest, mlima unaopita yote ya dunia kwa urefu, karibu meta 8,850. Safari yake ilianzia kwenye Bahari ya Chumvi, kwa baiskeli. Ugonjwa huu alikuwa nao, wala haukumtoka. Insulini alijipiga hata safarini. Zamani, kabla insulini haijaanza kutumiwa kutibu watu huko Canada mwaka 1922, mgonjwa kama huyo hakuwa na maisha marefu.

Mpanda mlima huyo huangalia mambo matatu. La kwanza, kazi ngumu hupunguza sukari ya damu. Kwa hiyo hupima damu mara nyingi, na kitu kitamu hakikosi mfukoni. La pili, insulini ikiganda kwa baridi imeharibika, hata ikiyeyuka tena. Kwa hiyo huibeba ndani ya nguo, karibu na mwili. La tatu, ugonjwa wa mlimani huleta kichwa kuuma, uchovu na kutapika, na dalili hizo zaweza kufanana na za sukari iliyoharibika. Kwa hiyo haendi peke yake, na wenzake wanajua hali yake.

Hapa Kindu hatuna theluji. Ruwenzori, wenye meta 5,109, uko mbali, mpakani mwa Uganda. Lakini mwenye kulima, mwenye kupiga kasia Lualaba, na mwenye kusukuma baiskeli ya mizigo porini, huyo naye ana mlima wake. Baridi haituharibii dawa. Joto ndilo linaiharibu. Iweke kivulini, ndani ya chungu cha udongo kilichozungukwa na mchanga wenye maji, nayo imefungwa isilowe. Usiiache juani.

Mgonjwa akitetemeka, akitoka jasho na kusema ovyo, mpe upesi chai yenye sukari nyingi. Kama hawezi kumeza, usimtie kitu kinywani. Mpeleke hospitali mara moja. Akiwa na kiu nyingi, anatapika na kupumua kwa nguvu, hospitali vilevile, bila kungoja kesho.

Tena neno moja kwa kanisa. Kuombea wagonjwa ni vema. Lakini mtu asimwambie mgonjwa huyu aache sindano kwa kuwa ameombewa, au kwa kuwa amekunywa dawa ya majani, wala kwa kuwa hana hamu ya kula. Mwili wake hautengenezi insulini ya kutosha. Akiikosa kabisa, aweza kufa katika siku chache.

Basi mzazi, usimfiche mtoto wako. Mwulize munganga apunguze kiasi gani cha dawa siku ya kazi nyingi. Mwambie mwalimu wake na rafiki zake dalili hizi. Kisha mwache aende shamba na wenzake, sukari ikiwa mfukoni.