Ile m ni kitu gani, madam?

Wanachuo wenzangu wa ualimu, ukipewa nukta (2, 7) na (5, 16) utafute mlinganyo wa mstari unaopita hapo, najua utaweza. Sasa mtoto wa Kidato cha Kwanza akikuuliza ile m ni kitu gani, utamjibu nini? Mimi nilijibu, "Ni gradienti." Akasema "ndiyo, madam", akakaa. Hakuelewa kitu.

BTP yangu nilifanyia Musoma mjini, nimepanga chumba Mukendo. Wiki ya kwanza nilifundisha kama nilivyofundishwa: y = mx + c ubaoni, darasa zima linaitikia kwa Kiingereza kama kwaya. Nikatoa zoezi. Wengi waligawanya tofauti ya x kwa tofauti ya y, kinyume kabisa, na wala hawakushtuka. Washtuke nini? Kwao zote ni herufi tu. Na jamani, hawa miezi michache nyuma walikuwa darasa la saba wakisoma hisabati kwa Kiswahili.

Wiki ya pili nikaacha fomula. Nikawapeleka Mwigobero, kwa maneno tu. Mama ananunua dagaa kwa ndoo, na bodaboda anamdai nauli ileile, mzigo uwe mdogo au mkubwa. Tuseme siku alipochukua ndoo 2 alitumia shilingi 23,000, na siku ya ndoo 5 akatumia 53,000. Ndoo moja bei gani, na nauli ngapi?

Darasa lililipuka. Binti wa dawati la nyuma, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, akasema: ndoo zimeongezeka 3, hela imeongezeka 30,000, kwa hiyo ndoo ni 10,000. Ndoo 2 ni 20,000. Ile 3,000 iliyobaki ni ya bodaboda.

Basi amemaliza! Bei ya ndoo ndiyo m, yaani mteremko: ukiongeza ndoo moja, hela inapanda kiasi gani. Nauli ndiyo c, pale mstari unapokata mhimili wa y. Tukaandika y = 10,000x + 3,000. Tukarudi kwenye (2, 7) na (5, 16): 9 gawa kwa 3 ni 3; 7 toa 6 ni 1; y = 3x + 1. Baada ya hapo ndipo nikawapa maneno ya Kiingereza, wakayaandika.

Siku ya tathmini nikafundisha hivyohivyo. Msimamizi alinikata alama kwenye lugha ya kufundishia, akaniambia mtihani wa taifa hautakuja kwa Kiswahili. Hapo ana haki, na ndiyo maana Kiingereza sikukiacha. Ila fomu yake ina sehemu ya lugha, ina sehemu ya zana, ina hadi sehemu ya mavazi. Sikuona sehemu ya kuuliza mtoto wa dawati la nyuma ameelewa nini.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikubali lugha zote mbili zitumike kufundishia, halafu sisi tunakatwa alama kwa kuzitumia zote mbili. Na hii ni Mara, jamani. Mtu wa Butiama ndiye aliyemleta Shakespeare kwa Kiswahili, Mabepari wa Venisi ikatoka 1969. Mteremko wa mstari ndio utushinde?

Ombi langu kwa idara yetu ni dogo. Kabla hatujapelekwa mashuleni, tufundishwe kuanza mada kwa Kiswahili na kuvuka kwenda Kiingereza bila kumwacha mtoto njiani, na fomu ya tathmini ilitambue hilo kama ufundi. Sasa hivi tunalifanya kwa kujificha, mlango umefungwa.

Siku ya kuaga, yule binti alinifuata na daftari. "Madam, kama bodaboda ni mjomba na amebeba bure, mstari unaanzia wapi?"

Nikampa rula achore.